Maelezo ya Mama Nyundo Kuhusu Springi Zilizohamishwa Upande

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA AJALI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Nyundo
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa magari, hasa springi na vyuma vya chini
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya gereji, barabara ya machimbo ya mawe
Yameandikwa tarehe 19, kuanzia saa tatu asubuhi, mbele ya afisa wa dawati

Naitwa Mama Nyundo. Lipo jina jingine kwenye kitambulisho na afisa ameliona, lakini ukiulizia jina hilo mtaani kwetu utazunguka mpaka soli za viatu ziishe na usinipate. Sikuitwa hapa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya dereva anayeitwa Kobe, ambaye yuko mahabusu tangu tarehe 15 kwa tuhuma za kukimbiza gari na kusababisha kifo cha fundi pampu aliyekuwa amempakia. Nasema Kobe hakuua mtu. Gari ndilo lililoua, na gari halikujipeleka barabarani lenyewe.

Afisa ameniambia nisihukumu, nianze mwanzo. Sawa, naanza mwanzo.

Mnamo tarehe 14, saa nne asubuhi, Kobe alileta kwenye gereji yetu gari la porini ambalo sote tunaliita Ajuza. Ni gari lililozeeka kuliko Kobe mwenyewe. Mwenye gari ni mkandarasi wa visima, na kazi ya gari hilo ni kubeba mabomba na mafundi kwenda kule ambako magari ya kawaida hayafiki. Kobe aliniambia, "Mama Nyundo, bibi huyu anachechemea. Nikikata kona ananilalia." Jina la Kobe alipewa na abiria wake kwa sababu ya mwendo wake. Mkandarasi mwenyewe alikuwa akisema mbele za watu kwamba Kobe akitumwa maji ya kuzimia moto, atarudi akute majivu. Leo mkandarasi huyohuyo ameandikisha kwamba Kobe alikuwa anakimbia. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Nililiweka Ajuza kwenye sakafu ya saruji, pasipo mteremko, tukashusha mabomba yote. Springi haipimwi gari likiwa na mzigo. Nikajaza upepo magurudumu yote sawasawa, maana tairi moja likipungukiwa linaweza kukudanganya. Kisha nikasimama nyuma, mbali kidogo, nikaliangalia kama unavyomwangalia mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Lilikuwa limelala upande wa dereva. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili. Upande wa dereva ulikuwa chini kwa vidole vitatu.

Kulala peke yake si ugonjwa wa kufa. Dereva hukaa upande huo kila siku, tangi la mafuta liko upande huohuo, miaka inapita na chuma kinachoka kama sisi. Ndiyo maana sikuishia kwenye macho. Nilipiga jeki kwenye chesi, yaani fremu ya gari, siyo kwenye ekseli inayobeba magurudumu, ili ekseli ining'inie na springi zifunguke, kwa kuwa ufa ukibanwa na uzito hujificha. Nikasugua matope kwa brashi na dizeli. Afisa anasema hajui springi za namna hii, basi nimweleze. Ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu, fupi chini, yakafungwa pamoja katikati. Lile refu la juu ndilo lililoshikwa na chesi kwenye ncha zake mbili. Likikatika hilo, ekseli inahama mahali pake, na hapo hata ukiushika usukani kwa mikono minne gari haliendi unakotaka.

Niligonga kila jani kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Jani refu la nyuma upande wa dereva lilitoa sauti ya chungu chenye ufa. Nikamulika tochi, nikaona mstari mwembamba wa kutu umeanzia ukingoni na kuvuka nusu ya upana wa jani.

Juu ya mstari huo nilipaka rangi nyekundu ya kucha. Hiyo ni kawaida yangu, wateja wananicheka, na binti yangu kila siku anauliza chupa zake zinakwenda wapi. Chaki inafutika. Rangi ya kucha inabaki hata gari livuke mto. Nilimwambia Kobe gari haliondoki. Hakubisha. Alisema, "Afadhali. Kesho nilikuwa niwapandishe watu kule mlimani." Akampigia tajiri wake simu.

Mkandarasi alifika saa tisa. Alisema, "Kesho nina kisima kinanisubiri. Kazeni hivyo hivyo liende." Nilimwambia jani lililopasuka halikazwi, linabadilishwa, na jani jipya lingefika keshokutwa. Alimgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akamwambia, "Kumbe hapa anayeamua ni mke? Mimi nilidhani gereji ni yako, bwana."

Wale wa duka la matairi jirani walicheka. Mume wangu hakucheka. Nilimwona uso ukimshuka, nami nilikasirika, lakini nilimkasirikia mkandarasi tu. Mimi na mume wangu tumefanya kazi chini ya paa moja miaka kumi na tisa, yeye hasa injini, mimi hasa springi, ingawa kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake, na hakuna aliyewahi kumsahihisha mwenzake mbele ya mteja. Sikuona sababu ya kubaki kulinda gari. Saa kumi na moja nilikwenda kwa dada yangu, aliyekuwa amejifungua, nikalala huko.

Tarehe 15 nilirudi saa nne asubuhi. Ajuza halikuwepo. Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Mwenyewe amelichukua." Saa saba habari zikafika kwamba gari limepinduka kwenye mteremko wa mlima, fundi pampu amefariki palepale na Kobe amekamatwa akiwa na damu ya mwenzake kwenye shati.

Msiba uko nyumba ya nne kutoka kwetu. Nimekaa na mjane wa fundi pampu siku mbili. Ananishika mkono, ananishukuru kwa kuja.

Tarehe 17 niliomba ruhusa kwa askari wa zamu, nikaingia uani hapa kituoni kuliangalia Ajuza. Nilikuwa nimeshasikia anachosema mkandarasi. Anayo picha aliyopiga alfajiri ya safari, gari limesimama wima kabisa, halikulala upande wowote. Tena anasema: yule mama alidai upande wa dereva ndio mbovu, mbona springi iliyokatika ni ya upande wa abiria? Kwa hiyo, kwa maneno yake, springi ilikuwa nzima na imekatika kwa kishindo cha mwendo wa Kobe. Ukisikiliza haraka haraka unaweza kukubali.

Mimi nililala chini nikatazama. Ni kweli iliyokatika ni ya nyuma, upande wa abiria. Lakini kwenye vipande vyote viwili, pale palipokatikia, ipo rangi yangu ya kucha. Nusu ya mkato ni kutu nyeusi ya zamani, nusu inang'aa kama kijiko kipya. Chuma kilichokatika siku moja hung'aa chote. Tena nati za pande zote mbili zina alama mpya za spana, na mimi sikuzifungua.

Kilichofanyika ni hiki. Springi za nyuma zilitolewa zote mbili zikahamishwa, ya upande wa dereva ikapelekwa upande wa abiria, na ya abiria ikaja kwa dereva. Mafundi wa zamani hufanya hivyo gari likichoka upande mmoja. Ile iliyochoka inakwenda kwenye uzito mdogo, ile yenye nguvu inakuja kwenye uzito mkubwa, gari linasimama sawa. Si uhalifu. Mimi mwenyewe nimefanya mara nyingi, kwa springi iliyolala tu. Kwa springi yenye ufa hakuna fundi mwenye akili zake anayefanya hivyo, maana unakuwa umeuficha ufa, umelipamba gari, umempa mtu.

Kobe angejuaje? Jana nilipomletea chakula aliniambia kwamba asubuhi ile alimuuliza tajiri wake, na tajiri akamjibu, "Springi imeshabadilishwa, huoni limesimama?" Aliona limesimama. Akaenda.

Mtaani kwetu wanaojua kuhamisha springi za gari la namna hii kwa jioni moja tuko wawili. Mmoja ndiye anayetoa maelezo haya.

Afisa ameweka kalamu chini. Nimemwomba aishike.

Jioni ya tarehe 17, jikoni, nilimuuliza mume wangu, "Uliiona rangi yangu?" Akasema, "Niliiona, mama watoto. Nilidhani itavumilia safari moja." Nikamuuliza kwa nini. Akasema mkandarasi alirudi jioni ile nilipokuwa kwa dada, akamwambia, "Lifanye lisimame, mengine niachie mimi. Au mpaka mama arudi akupe ruhusa?" Mume wangu akachukua spana. Kwa maneno hayo tu. Mwanamume mwenye watoto watatu, anayesikia injini ikikohoa kutoka mtaa wa pili, akachukua spana ili asichekwe na watu wa matairi.

Nililia. Kisha nikaacha, kwa sababu niliona kwamba nikiendelea kulia nitaanza kumhurumia, na Kobe yuko ndani.

Tarehe 18 alikuja mama mkwe. Alinishika magoti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akasema, "Mwanangu, usimwage mtama penye kuku wengi. Kobe hana mke wala mtoto. Huyu ana nyumba." Nikamwambia, "Mama, kwa hiyo asiye na watoto ndiye wa kufungwa?" Akasema, "Hatafungwa sana." Ninamheshimu mama mkwe. Amenilelea watoto wangu wawili wa kwanza. Lakini sijawahi kumwona mtu aliyefungwa kidogo.

Ikaamuliwa nyumbani kwamba nije niseme nilikagua, nikaondoka, mengine sijui. Niliitikia. Niliitikia ili mume wangu anilete kwa pikipiki badala ya kunifungia mlango. Sasa hivi amekaa benchi la nje, anadhani ninasema sijui. Hiyo nayo iandikwe. Nimemdanganya, na sioni haya, ingawa moyo unaniuma vibaya sana.

Afisa ameniambia mambo mawili. La kwanza, tuandike kwamba "huenda" springi zilihamishwa. Nimekataa. Huenda ni ya mvua. Springi zilihamishwa, na aliyezihamisha ameniambia kwa mdomo wake. La pili, amenikumbusha kwamba kisheria mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mume wake, kwa hiyo ninaweza kunyamaza hapa na hakuna atakayenilaumu. Namshukuru kwa kunieleza. Sheria hiyo ni nzuri kwa anayetaka kunyamaza. Mimi sitaki. Iandikwe hivi: hakulazimishwa na mtu, alitaka mwenyewe.

Na iandikwe pia kwamba ninampenda mume wangu. Sikuja kumkomoa. Kama ni kumkomoa ningemwacha na siri hii aishi nayo, aamke nayo kila siku akipita mbele ya nyumba ya mjane, mpaka imle yote. Mkandarasi naye asijifiche nyuma yake. Aliyeshika spana ni mume wangu, aliyemsukuma mkono ni yeye, na picha ile ya alfajiri aliipiga kwa sababu alijua. Nani hupiga picha gari lake bovu la miaka yote, siku hiyo moja, alfajiri, kabla ya safari?

Afisa amesema naweza kutoka kwa mlango wa nyuma, aende mwenyewe kumchukua mume wangu pale nje. Nimekataa. Atayasikia kwangu kwanza. Nimpe nafasi ya kuingia kwa miguu yake.

Nimesema niliyoyaona, niliyoyagonga kwa nyundo na niliyoambiwa. Nimesomewa yote, hakuna neno ninalotaka lipunguzwe, na mahakamani nitayarudia mbele ya yeyote, hata mama mkwe akikaa kiti cha mbele.

Sahihi ya shahidi: Mama Nyundo

Maoni ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe na kumsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Nilimshauri mara tatu kuhusu haki yake ya kunyamaza. Mara ya tatu aliniuliza kama kalamu yangu imeisha wino. Saa tano na nusu alitoka kwa mlango wa mbele, akaketi karibu na mume wake, akasema naye. Sikusikia maneno yao. Mume aliitazama mikono yake. Kisha aliingia bila kuitwa, akavua kofia, akaniuliza aanzie wapi.