Kioo Kikubwa cha Kompyuta

Baba Ghada,

Wali umo chunguni, mchuzi wa pweza upashe moto. Ghada akirudi chuoni mpe chai. Mie nimekwenda Mtambile kwa Bi Zulekha, mama wa yule biharusi niliyempiga picha, kumtaka radhi tena.

Nilikuomba uniongezee memori, maana kompyuta inakwama nikisafisha picha. Wewe ukaleta kioo kikubwa kama televisheni, ukakiweka chumba cha mbele kikaelekea barazani. Leo asubuhi ukakiwasha kukijaribu kwa picha niliyoiacha wazi, ukaenda zako kazini. Bi Zulekha kaja kuchagua picha, kamkuta bintiye kajaa kioo kizima, kichwa wazi, hina mpaka mabegani, na wanaume wa baraza yetu wanakunywa kahawa wakimtazama. "Thuraiya, nilikuamini," kasema. Basi.

~~Kioo kirudishe dukani.~~ Kihamishie chumbani kwetu, mbali na dirisha. Najua ulitaka kunifurahisha. Nimechoka tu, hata nguvu ya kugombana sina.

Bi Zulekha alinisimamia nikafuta picha zote za harusi, moja moja, huku analia. Kompyuta haikukwama hata mara moja.

Mama Ghada