Kofia ya Bibi Mereana

Porirua, 8 Machi 2012

Mpwa wangu Rewi,

Hujambo, baba? Sisi hatujambo, ila upepo wa wiki hii umetuchosha. Kofia yako hii hapa, nakuachia mapokezini hosteli pamoja na barua hii. Jana nilitoka kazini nikawa napita ufukweni Wellington, mara ikanipita miguuni. Nikaikimbilia na magoti yangu haya mpaka ukingoni mwa maji. Nikaitambua: sufu nyekundu, masikio mawili ya kufunga kidevuni, mkono wa marehemu mama yangu, bibi yako Mereana. Kuinua kichwa, nikakuona. Nikakuita. Ukakaza mwendo, begi mgongoni, kama mwizi wa kuku. Nikakufuata mpaka mlango wa hosteli, hapo nikaona haya kwa niaba yako, nikarudi.

Umerudi nchini, unalala kitanda cha juu na Wajerumani, dakika ishirini tu kwa treni kutoka kwangu! Watu waseme sina godoro? Jumamosi tunafunua jiwe la kaburi la bibi yako, mwaka umetimia tangu tumzike. Njoo.

Shangazi yako,
Ngahuia

Wellington, 9 Machi, asubuhi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima na magoti hayakusumbui. Asante kwa kofia. Sikujua ni wewe. Upepo ulinijaza vumbi machoni. Nimepita stesheni, kwenye duka lako la mikate ya nyama, sikukukuta, nimemwachia msaidizi wako Sela barua hii. Jumamosi sitaweza. Niko hapa siku tatu tu, na kesho navuka kwa meli kwenda kisiwa cha kusini na wenzangu. Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Rewi

Stesheni, 9 Machi, mchana

Rewi,

Marahaba. Magoti yanauma, asante kwa kuuliza. Sela, anayekuletea hii, anasema ulijibanza nyuma ya nguzo mpaka nilipokwenda msalani. Una miaka ishirini na sita! Na meli za kesho zimefutwa zote kwa upepo, redio imetangaza. Hata Mungu kachoka na uongo wako.

Najua unachoogopa. Ndiyo, utasemwa. Baba yako mdogo Hemi ana hotuba yako tangu mwaka jana, kila akinyoa ndevu anaifanyia mazoezi. Utasemwa mbele ya watu, utanyamaza, kisha utapewa sahani ya nyama na viazi vitamu, na yatakuwa yamekwisha. Asiyesemwa ni asiye na kwao.

Kwa kuwa hukuja msibani, utaingia uwanja wa ukoo kama mgeni. Simama langoni saa nne, usiingie mpaka sauti ya mwanamke ikuite. Mwitaji ni mimi.

Shangazi yako

Wellington, 9 Machi, jioni

Shikamoo Shangazi,

Mwili haujambo. Mwaka jana nilisema ndege zimejaa. Hazikujaa. Sikuulizia hata moja. Uliponipigia simu nilikuwa Ureno na wenzangu wa safari, nikajiambia nitalia siku nikifika nyumbani. Siku mliyomzika Bibi, vijana wa hosteli waliniomba niwaonyeshe haka, ngoma ya wazee wetu. Nikavua shati, nikawachezea ile ile ya kwetu, ile ya kuchezea jeneza. Wakapiga makofi, wakaninunulia bia. Nikanywa, Shangazi. Nikacheza tena.

Baba Mdogo Hemi hana hotuba ya hilo, kwa kuwa halijui. Nitasimamaje nisemwe kwa dogo, kubwa nimelificha? Naona aibu hata kuivaa hiyo kofia. Sitakuja.

Rewi

Picton, 11 Machi 2012

Shikamoo Shangazi,

Natumaini shughuli ilikwenda salama. Nilikuja. Nilishuka kwenye treni nimevaa kofia, maana bila hiyo ningerudi njiani. Saa nne nilikuwa langoni. Niliwaona barazani, wewe mbele, umevaa nyeusi na majani kichwani. Nikainamisha kichwa nikasubiri. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, sikusikia kitu. Nikajua umeisoma barua yangu. Sikulaumu. Hata mimi ningenyamaza.

Leo nimevuka hadi huku kisiwa cha kusini. Nimepata kazi ya kutandika vitanda katika hosteli hii, anwani iko nyuma ya bahasha. Nina wiki mbili hapa, baada ya hapo sijui.

Aliyekuwa mpwa wako,
Rewi

Porirua, 14 Machi 2012

Rewi mwanangu,

Sitakuuliza hali, na yangu usiniulize. Nilikuita. Nilikuita mara tatu mpaka koo likakauka. Upepo ulivuma kutoka langoni, ukanirudishia sauti kinywani, nawe kichwa chini, masikio umeyafunga kwa sufu ya mama. Sisi tukaona umesimama tu, halafu ukatugeuzia mgongo. Hemi akasema, "Ametukataa tena." Nami nikaamini.

Nilitaka kushuka nije langoni. Akina mama wakaninong'oneza kwamba mwitaji haondoki barazani, watu watasema nini. Nikawasikiliza. Hiyo ndiyo aibu yangu, naiandika kwa mkono wangu kama ulivyoiandika yako. Kofia niliikimbilia mpaka ukingoni mwa maji. Wewe sikukukimbilia.

Ulichofanya Ureno ni kibaya, sitakipaka sukari. Utamweleza Bibi mwenyewe pale kaburini, mimi nikiwa pembeni yako. Ijumaa tunavuka, Hemi na mimi. Ile hotuba imemkaba, hata chakula hali vizuri. Aliyekuwa mpwa wangu ndiye nani? Simjui huyo.

Usihame. Tungoje bandarini, na uvue kofia.

Shangazi yako,
Ngahuia