Siku Balinimwangia Pudre

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Mama yangu,

Jambo sana. Mugongo iko namna gani? Na Keren wa jirani, iko nakusaidia kuanika masamaki, ao iko naangalia tu? Miye niko muzima, ila kikohozi ya mavumbi. Simu yako haishike rezo ya mutandao, njo maana napatia ba Edouard, shofere wa kamyo, hii barua.

Mama, Kingereza iko naniua. Mwalimu Gauthier alitupatia maneno ine: sprinkle, scatter, splash, spray. Shiye kwetu tunasema kumwanga, inaisha. Bo, benye Kingereza, hapana. Munyo iko na neno yake, mbegu iko na yake, maji ya kukurukia ku nguo iko na yake, dawa ya pompi iko na yake. Kule ku mine, ku mugodi ya shaba, banatafuta muntu wa kuelezea batumikaji makaratasi ya usalama ya Kingereza, na asidi ikimurukia muntu, siwezi kuchanganya. Nasoma, nasahau. Jana nilitupa kaye, daftari yangu, ku ukuta.

Egzamen, mutihani ya Kingereza, iko tarehe 5 mwezi wa saba. Sisahau mapatano yetu: nikianguka tena hii mara ya pili, narudia kwako Kilwa, ku ziwa. Sitaki kurudia, Mama. Nakuambia wazi.

Mutoto yako,
Laurentine


Kilwa, tarehe 17 mwezi wa sita 2024

Laurentine mutoto yangu,

Barua ilifika na harufu ya mazuti ya kamyo, lakini ilifika. Mugongo iko palepale. Keren iko natumika muzuri kukushinda, usikasirike.

Sasa unalia juu ya nini? Kila asubui nakamata munyo na vidole tatu, napitisha juu ya masamaki polepole: ile ni ya kwanza. Masamaki ya kidogo-kidogo naitapanya ku muchanga na mikono mbili: ya pili. Mutoto anaruka mu ziwa, unalowana weye: ya tatu. Ya ine uulize mwalimu, miye sina pompi. Ulikulia mu ile yote. Fanya na mikono, kisha sema na kinywa. Na uache kaye ipumue.

Mapatano ni mapatano.

Mama yako


Kilwa, tarehe 22 mwezi wa saba 2024

Laurentine,

Uko muzima? Nauliza na kasirani, ujue.

Nilingoja barua juma mbili, hakuna. Ni ba Edouard njo alishuka ku soko na kusema: «Mama Clotilde, binti yako alipita. Nilimuona na macho yangu ku barabara, mweupe pudre toka kichwa mpaka ku viatu, bantu beko naimba.» Nani hajue maana ya pudre? Muntu akipita egzamen njo banamumwangia. Balikumwangia weye pudre siku ya diplome ya sekondari, bakanimwangia na miye. Nililia palepale ku soko. Bamama ba soko balikuja na makopo, balimwanga mpaka juu ya masamaki. Siku ya Mungu padri alitaja jina yako mu misa.

Na weye, hata kabarua? Miye napata habari ya mutoto yangu kwa shofere? Andika. Na useme kazi itaanza siku gani, bantu beko nauliza.

Mama yako


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa nane 2024

Mama,

Jambo. Naomba ukae chini mbele ya kuendelea kusoma.

Sikupita.

Listi ilibandikwa ku mulango. Bijou, mwenye nilisoma naye, jina yake ilikuwa ya tatu. Bandugu yake bakafika na pudre, bakafikiri tumepita bote mbili. Miye nilikuwa nimesoma ile listi mara mbili. Nilijua. Pale balifungua kopo ilinipasa kusema hapana. Sikusema. Nilisimama, bakamwanga, nikacheka, nikaimba nabo mpaka ku barabara. Nilitaka ile pudre, Mama. Miaka mbili niko naitaka. Njo pale ba Edouard alipitia na kamyo.

Na yale maneno ine, nilijibu yote sawa. Nilifanya na mikono chini ya meza, vile ulisema. Nilianguka ku sehemu ya kuongea na kinywa. Muzungu wa egzamen aliniuliza mama yangu anatumika kazi gani, nikanyamaza. Kintu ya bepesi vile. Inanikasirisha mpaka leo.

Nilianza barua tatu, nikapasula. Najua mapatano. Lakini nitaingia namna gani mu muji yenye ilishaimba?

Mutoto yako,
Laurentine


Kilwa, tarehe 25 mwezi wa nane 2024

Laurentine,

Jambo. Leo siulize afya, naona mwenyewe kwenye unaumia.

Nimekasirika. Siyo juu ya kuanguka, bantu banaanguka kila mwaka. Ni juu uliniacha mwezi muzima natembea mu soko na furaha ya uongo, kila muntu nikimusalimia namuambia.

Siku ya Mungu, kisha misa, niliomba padri ruhusa. Nilisimama mbele ya bantu bote, nikasema: mutoto yangu alianguka, na miye nilishangilia mbele ya kumuuliza. Bamoja balicheka. Mama ya Keren alicheka sana, sitasahau. Basi, imeshasemwa. Hauna tena ya kumuelezea muntu.

Sasa ukuje. Mambo ya kujaribu mara ya tatu tutaongea ukisha kula. Sikatae, sikubali. Lakini nakujua: unataka kushukia mbali, ungoje giza, uingilie mulango ya nyuma. Usifanye vile. Shuka ku soko, muchana, mbele ya bale bamama bote. Nitakuwa nimesimama pale.

Mama yako