Maharamia wa Siku ya Thieta

Jumanne, 13 Januari 1998

Operesheni mbili za ngiri leo. Saa moja na dakika ishirini za umeme. Nimerekebisha upepo wa mchezo — sasa tanga linageuka! — ila meli bado inapita katikati ya kisiwa kama vile kisiwa ni moshi.

Nimezoea kuhesabu hivi. Jenereta ya hospitali yetu ya misheni hapa Mpanda huwashwa thieta, chumba cha upasuaji, ikiwa na mtu tu: Jumanne, Alhamisi, na ikitokea dharura. Kompyuta ya takwimu imeungwa kwenye waya huohuo, na karani wa takwimu ni mimi. Naingiza malaria na kuhara mbiombio, robo saa, halafu nachomeka disketi yangu. Mzee Zefania, mwendesha jenereta, anajua. Asubuhi anapita dirishani: "Binti, leo kuna kidole tumbo. Jiandae." Kama anayetangaza mboga.

Miaka minne! Tulianza chuoni Dar, mimi na Ezekia, 1994. Mchezo wa kompyuta wa maharamia — si wale wa Wazungu, wa Ziwa Tanganyika. Mchezaji ni Nahodha Ng'washi, mwanamke, anateka meli za matajiri. Mimi naandika programu, Ezekia anachora. Yeye alibaki Dar anafundisha kompyuta. Akabandika tangazo mlangoni: INAKUJA PASAKA. Pasaka ya 1995. Akafuta, akaandika Krismasi. Anasema siku hizi wanafunzi wake wakitaka kukataa jambo wanasema, "Ndiyo, maharamia wakija."

Nina miaka ishirini na sita. Hilo ziwa lenyewe sijawahi kuliona.

Alhamisi, 15 Januari

Hakuna thieta. Mvua. Reli imeliwa na maji huko njiani, treni haijafika tangu mwaka mpya, na dizeli yetu huja kwa treni. Sista Restituta, mkuu wa hospitali, ametangaza: dharura tu, mpaka reli ipone.

Nikawaza — sitaandika nilichowaza.

Nitaandika. Niliwaza: labda atatokea mtu.

Jumapili, 18 Januari

Saa tatu na dakika kumi!

Nilikuwa natoka Misa. Zefania alinikuta getini, anahema. Binti, dharura, kubwa hiyo, si chini ya saa tatu. Nilivua viatu nikakimbia kwenye tope navyo mkononi, na gauni la kanisani.

Sikugusa daftari. Siku zote naandika programu kwenye daftari nyumbani, halafu nakuja kuipiga, kwa kuogopa kupoteza umeme. Leo niliandika moja kwa moja kwenye kibodi. Shambulio zima: mashua inanyemelea, kulabu inarushwa, Ng'washi anaruka. Panga linazunguka pande tatu. Mabaharia wanaanguka majini mmoja mmoja, kila mmoja na mlio wake. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Sijawahi kuandika vile maishani. Miaka minne nilikuwa nautafuta mchezo huu, na leo umekuja wenyewe, umekaa.

Jenereta ilipozimwa nilikuwa nimeshahifadhi, bado nacheka.

Nikatoka. Kwenye benchi la thieta kulikuwa na mwanamke mwenye kanga yenye damu iliyokauka. Nikamwuliza Zefania, nani yuko ndani? Mvuvi wa Karema, akasema. Majambazi wa ziwani wamechukua injini yake. Alichelewa kuiachia, wakamkata mkono wa kulia kwa panga, nusura utoke. Siku mbili kwenye lori la dagaa mpaka hapa. Daktari ameushona, sasa ni kumwomba Mungu.

Nilirudi ndani. Skrini nyeusi. Nikasimama tu.

Jumatatu, 19 Januari

Anaitwa Lyamba. Kitanda cha nne. Nilikwenda na rejesta kwa kisingizio cha takwimu.

Kazi? Mvuvi. Umri? "Niandikie thelathini." Mkewe, Cecilia, akadakia: "Ana thelathini na mitano, msimsikilize." Naye: "Mkono umepungua, umri nao upungue kidogo, mama."

Wote wawili walicheka. Mimi niliandika 35 na kalamu ikatoboa karatasi.

Jumatano, 21 Januari

Kidole tumbo, mwanafunzi wa sekondari. Dakika hamsini.

Nimegeuza mchezo. Mchezaji si Ng'washi tena. Mchezaji ni mvuvi — mtumbwi, karabai, nyavu. Maharamia wanamjia yeye. Nilifuta shambulio lote la Jumapili, mstari kwa mstari, halafu nikahifadhi kwa jina lilelile, juu ya lile la zamani. Disketi ninayo moja. Nilijua. Nilifanya makusudi.

Nilidhani nitajisikia msafi.

Ijumaa, 23 Januari

Nimempigia Ezekia kutoka posta. Foleni ya saa mbili, maongezi ya dakika sita.

"Kabula, umeokoka?" Ndilo jambo la kwanza alilosema. Nikamweleza. Akasema amechora ile meli mara tisa — mara tisa! — na sasa namwambia meli haipo. Nani atapanga foleni acheze kuibiwa? Halafu akatulia, akawa Ezekia wa chuoni: "Haya. Mvuvi anashindaje?"

Nikasema bado sijajua.

"Anaweza kuwakimbia?"

"Wana injini. Yeye ana makasia."

"Anaweza kupigana?"

"Na nini?"

Simu ikakoroma. "Basi huo si mchezo, Kabula. Hiyo ni Mpanda."

Alicheka, nami nikacheka. Laini ikakatika tukiwa bado tunacheka. Nimetembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli.

Jumamosi, 24 Januari

Nilimwuliza Lyamba walikujaje. Nilianza kwa kuzungukazunguka, akanikata: uliza tu, dada, polisi hawajauliza.

Mimi nilikuwa nimewaandika wanakuja na bendera na kelele. Akatikisa kichwa. Hawana kelele hata kidogo. Wanazima injini mbali, wanapiga kasia taratibu, halafu wanasalimia. Za kazi, jamani? Samaki wapo? Mna kiberiti? Nawe unaitikia. Huwezi kuacha salamu ya mtu ziwani. Kumbe wao wanahesabu sauti: wameitikia wawili, wameitikia watano. Usiku ule waliitikia wawili, yeye na shemeji yake. Shemeji alijitupa majini, ndiye aliyepona mzima.

"Kwa hiyo mkono wangu umekatwa kwa adabu," alisema.

Nilikuwa naandika haya yote kwenye daftari, mbele yake, haraka haraka, na niliona jinsi ninavyofurahi. Sista Restituta alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kabula. Huyu ni mgonjwa, si takwimu." Hakupandisha sauti.

Jumanne, 27 Januari

Mama mjamzito kutoka Mwese, amebebwa kwa machela mpaka barabarani. Operesheni ya uzazi. Mtoto mzima, wa kike. Dakika sabini.

Nilimwita Lyamba. Nilitaka aone. Nilitaka — nini? Anisamehe kosa asilolijua. Cecilia alimshika kiuno, wakaja taratibu, akaketi kwenye kiti changu, mkono wa kushoto kwenye kibodi. Nikamwonyesha. Salamu inatokea kwenye skrini: ZA KAZI, JAMANI? Bonyeza moja uitikie, mbili unyamaze.

Akaitikia. Akaibiwa. Akanyamaza. Akaibiwa. Mara ya tatu aligeuza mtumbwi kabla ya salamu, akapiga kasia mpaka kidole kikachoka. Wakamfikia.

Akaegemea. "Dada, hii nimeshaicheza."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Sasa niweke upande wa wale wengine. Wenye panga. Nataka niwasalimie mimi."

Cecilia: "Baba Severine! Hata kwenye kioo?"

"Hasa kwenye kioo. Huku nje nina mkono gani?"

Nikamwambia sehemu hiyo ilikuwepo na nimeifuta. Akauliza, kwa nini? Nikamwambia yote. Kwamba niliiandika Jumapili ile, kwa umeme wa jenereta iliyowashwa kwa ajili yake, yeye akiwa mezani, na kwamba nilikuwa nacheka. Cecilia alinitazama kama ninazungumza lugha ya ndege.

Lyamba aliitazama skrini. Halafu: "Ilikuwa nzuri?"

"Kuliko zote."

"Basi iandike tena. Usiniharibie saa tatu zangu."

Jumatano, 28 Januari

Naandika kwenye daftari. Jikoni, shambani Misunkumilo, chooni. Sikumbuki! Nakumbuka kicheko, programu sikumbuki. Mama amesema kwa Kisukuma kwamba nina uso wa mtu aliyerogwa. Kurasa kumi na moja, nane nimezikata.

Alhamisi, 29 Januari

Kurasa kumi na tisa. Nimekumbuka jinsi panga lilivyozunguka. Sasa maharamia wanasalimia kwanza, jambo ambalo Jumapili sikulijua. Ni bora kuliko ile ya kwanza. Ninaandika hilo kwa aibu.

Lyamba ana homa. Jana usiku alitetemeka. Nilimwambia umeme ukipatikana tu, wa mgonjwa yeyote, nitaupiga mchezo wote kwenye kompyuta, nije kumwita. Akasema, mwombee mtu mwingine apasuke basi, na akajaribu kucheka.

Dizeli: Zefania ameingiza kijiti kwenye pipa, akanionyesha. Vidole vinne.

Ijumaa, 30 Januari

Kidonda kinanuka. Unakisikia toka mlangoni. Nesi amefungua dirisha, mvua ikaingia, amelifunga.

Daktari amesema mkono hautaokoka, ukatwe; ukiendelea kubaki utaondoka naye. Cecilia ameomba siku moja wamwulize kaka yake Karema. Sista Restituta amemwuliza, utamwulizaje, mama, na barabara imekatika? Cecilia aliendelea kumfuta mumewe mdomo.

Lyamba aliponiona aliuliza kama tayari. Nikasema kwenye daftari tayari. Akasema, "Ya kuchezwa kwa mkono mmoja, umekumbuka?" Nikasema ndiyo. Nikarudi ofisini nikabadilisha daftarini herufi zote za kuchezea ziwe za upande wa kushoto wa kibodi. Sikuwa nimekumbuka.

Jumamosi, 31 Januari

Saa nne asubuhi. Zefania dirishani. Leo hakutangaza. "Ni yeye, binti."

Nikamwuliza, mkono ni muda gani? Ndivyo nilivyouliza!

"Saa moja. Ukienda vizuri."

Cecilia yuko kwenye benchi. Nilipita mbele yake na daftari kifuani. "Kaa nami kidogo, dada." Nikasema nakuja. Nakuja! Nimefunga mlango.

Saa nne na nusu. Kurasa saba zimeingia. Salamu inafanya kazi. Vidole vyangu ni baridi lakini havikosei. Sijui kwa nini havikosei.

Saa tano kasoro kumi. Kulabu. Kuruka. Kosa moja kwenye mstari wa mia mbili na arobaini, nimelipata.

Saa tano. Saa moja yake imekwisha. Jenereta haijazimwa. Kurasa nne bado. Nimefurahi — Mungu wangu, nimefurahi kwamba haijazimwa.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Nesi amepita anakimbia kuelekea duka la dawa. Amerudi anakimbia. Nimesikia Cecilia akimwuliza kitu, na nesi hakusimama.

Saa sita kasoro kumi. Nimemaliza. Nimeujaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, mwanzo hadi mwisho. Meli haipiti kwenye kisiwa. Wanasalimia, wanaitikiwa, wanaruka. Hakuna kosa. Nimehifadhi. Miaka minne, na hakuna kilichobaki cha kuongeza, hata nukta.

Jenereta bado inanguruma.

Saa sita na robo. Zefania amekuja mwenyewe mlangoni, anajifuta mikono kwa kitambaa cha oili. Anasema kijiti kimetoka na kidole kimoja. Anasema, kama nimemaliza, nizime kompyuta, niwaachie wao umeme wote. Nimezima. Naandika haya kwa mwanga wa dirisha. Kutoka hapa namwona Cecilia. Amesogea mwisho wa benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja.