Chujio la Mawimbi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na lile sikio lako lililoingia maji limepona. Mimi mwili mzima, ila moyo haukai. Simu za hapa kazini zinasikilizwa, ndiyo maana nimempa dereva wetu barua hii akukabidhi mkononi.

Unajua nabuni rada ya meli ya doria ya jeshi la majini. Cheka tu: mimi uliyeniita Beseni kwa kuogopa hata beseni la kuogea! Kazi huku karibu na ufuko ni ngumu, maana kila wimbi linarudisha mwangwi wake, na kioo cha rada kinajaa vitone kama mchele uliomwagika. Kamanda alitujia juu, akasema hawezi kuongoza meli kwa kutazama mchele.

Basi nikabuni chujio. Chochote kidogo kinachokwenda polepole, rada inakihesabu kuwa ni wimbi na kukifuta. Kioo kikawa safi, wakubwa wakapiga makofi, mkuu wangu akaniita fundi wa mafundi. Nikavimba kichwa, nikatia saini kwamba iko tayari.

Jumatatu tulikuwa kwenye mnara wa majaribio hapa ufukoni tukiijaribu. Nikatupa jicho dirishani, nikaiona boti yako ya rangi ya chungwa kwenye boya la tatu, nawe umeinama unakwangua kutu. Nikatazama kioo. Kaka, hukuwepo! Dirishani upo, kwenye kioo, maji matupu.

Nilimweleza mkuu wangu. Akasema Alhamisi meli inatoka kwa kasi, kuwe na ukungu au jua, na vijiboti vijiangalie vyenyewe. Kamanda hajui lolote. Nami nikanyamaza, siku mbili nzima. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza, huku ndugu yangu wa tumbo moja yuko majini. Nisamehe.

Kesho Alhamisi usitoke, nakusihi, na waambie wenzako wote mnaotunza maboya. Mficha maradhi, kifo humuumbua; asubuhi, kabla meli haijatoka, naenda kwa Kamanda mwenyewe kuifuta saini yangu mbele yake. Akikataa, nitaomba kupanda meli hiyo, nisimame mbele kabisa nikitafuta kwa macho yangu yeyote ambaye habari hazikumfikia. Naam, mimi Beseni!

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama usimwambie nitapanda meli. Atajua mara moja kwamba kuna jambo.

Mdogo wako akupendaye,
Beseni