Nyumba Niliyoipiga Chaki

Ifakara, 12 Mei 1994

Dada Luciana, shikamoo.

Mvua imepungua, na chandarua ulichonipa bado kizima.

Dada, nimekosa. Jumatatu, kwenye utafiti wa malaria, nilichoka. Nyumba ya mwisho Katindiuka niliiandika namba mlangoni kwa chaki bila kupiga hodi, nikajaza fomu: “Hakuna mwenye homa.” Kwa hiyo wapima damu waliipita.

Jana Mama Shilinde, mwenye nyumba ile, alinikuta sokoni, mtoto akitetemeka mgongoni.

“Mwanangu, nilikuwa ndani. Ungepiga hodi tu.”

Nilimbeba mtoto hadi hospitali. Leo amenyonya. Mama hakunishtaki, kaniachia niseme mwenyewe. Naogopa kufukuzwa. Barua hii naituma kwanza, ili kesho nisiweze tena kumficha msimamizi wa utafiti.

Mdogo wako,
Nickolaus