Alama ya Kutoa Mbele ya Hasara

Jumatatu, tarehe 4

...na bado nasema, hakuna mwanamume anayemfikia Idi wangu kwa chai ya tangawizi. Mume wa kujivunia! Hina ya harusi haijafutika mikononi. Ofisini hapa Mtaa wa Kongo, juu ya duka la vitenge, nimemaliza hesabu za kampuni ya mabati. Kila tarakimu nimeibandikia lebo, kompyuta ya mdhibiti wa soko la hisa ijue haya mauzo, hii kodi, hii hasara. Nimetuma huku naimba.

Jumanne, tarehe 5

Balaa. Kwenye karatasi hasara huandikwa ndani ya mabano, yaani imetolewa, nami nikaiwekea alama ya kutoa. Kumbe lebo imeshasema ni hasara. Ukitoa hasara, mashine inasoma faida. Afisa wa mdhibiti akampigia bosi wangu, Mzee Pravin: "Kiwanda kimefungwa, Mzee. Faida mmeipata ndotoni?"

Leseni ya Mzee iko hatarini. Na kazi yangu. Idi sijamwambia.

Jumatano, tarehe 6

Sili. Watu wameshanunua hisa kwa faida ile ya uongo. Simu ikilia nashtuka. Idi anauliza kama ameniudhi. Yeye! Aniudhi!

Alhamisi, tarehe 7

Mama mkwe kapiga kutoka Buguruni. Majirani wote ameshawatangazia mkwe wake anaisomesha kompyuta ya serikali. "Mwanangu, utakuja lini? Au ndiyo umeniibia Idi moja kwa moja?"

Nikacheka. Kisha nikalia chooni. Naenda na uso gani?

Ijumaa, tarehe 8

Tumeitwa kwa mdhibiti. Ngazini Mzee akaninong'oneza, "Tutasema ni mashine." Afisa akatazama hina yangu, akauliza, "Bibi harusi, ilikuwaje?" Nikasema alama niliiweka mimi. Akamgeukia Mzee: "Na nani aliikagua kabla ya kutumwa?"

Hakuna. Hatukaguagi. Mzee husaini tu, ananiamini.

Jumatatu, tarehe 11

Hesabu zimesahihishwa, tangazo limetolewa. Ofisi imezuiwa kutuma chochote mpaka ipate mkaguzi wa pili. Hakuna kazi, basi nami sina kazi. Mzee kaniambia nisubiri simu. Hakunitazama.

Nimemwambia Idi yote. Kaponda tangawizi, kabandika chai.

Jioni nimempigia mama mkwe. Shikamoo. Marahaba. Nimemwambia majirani wasingoje fundi wa kompyuta. Tutakuja, mimi na Idi, kabla mwezi haujaisha.